Pilau usiku wa Seder? Waulize kwanza

Dada, umeuliza kama uwapelekee majirani zako Wayahudi wa hapo Toronto pilau ya nyama usiku wa Seder, mlo wa kuanza Pasaka ya Kiyahudi. Usiipike kabla ya kuwauliza. Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki hawali wali wala maharage siku zote 8 za Pasaka yao, ilhali wenye asili ya Iraki wengi hula. Na kama wanafuata kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula na vyombo vyake, chakula cha sufuria yako hawataweza kukila, hata kiwe safi namna gani.

Mimi ningeomba kupika jikoni kwao, haroseti ya tende, mchanganyiko mtamu unaoliwa kwenye Seder: chemsha tende zilizotolewa kokwa kwa maji kidogo mpaka zilainike, ponda, changanya na jozi (walnut) zilizotwangwa na mdalasini. Siagi usiguse, mezani patakuwa na nyama, na kosher haichanganyi nyama na maziwa.