Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama kufundisha ni kushindwa

Mwanangu, marahaba baba. Meseji yako nimeisoma, ile uliyoniuliza "Mama, nikishuka ulingoni nikaenda kufundisha watoto ngumi pale jimu, si watu watasema nimeshindwa?" Nimeona nisikujibu kwa simu maana ya simu yanapotea, hili nataka ubaki nalo uwe unalirudia.

Unajua mama yako nimefundisha michezo shuleni miaka mingi na unajua navyopenda mieleka, hii ya Olimpiki. Basi nikikumbuka swali lako namkumbuka mtu mmoja wa India anaitwa Satpal Singh, wenyewe wanamwita Mahabali Satpal, kazaliwa 1955 kijiji cha Bawana huko Delhi. Huyu kabla hajawa kocha alikuwa bingwa kwelikweli, usije ukadhani ni mtu aliyekosa pa kwenda. Michezo ya Asia 1974 kule Tehran alichukua shaba, 1978 Bangkok fedha, 1982 ikafanyika kwao Delhi akachukua dhahabu kilo 100 mbele ya watu wake. Jumuiya ya Madola nako fedha tatu, 1974, 1978 na 1982, mara zote tatu anaishia nafasi ya pili. Olimpiki alienda Moscow 1980 akarudi mikono mitupu. Sasa wewe unaniambia una mikanda miwili na hujafika ulikotaka kufika, mwenzio huyo naye hakufika baba, na hiyo ndo sababu nakuandikia habari zake na sio za mtu mwingine.

Mwaka 1988 akaanza kufundisha vijana kwenye uwanja wa Chhatrasal, kaskazini mwa Delhi. Sio timu ya taifa, watoto. Watoto wa wakulima na madereva kutoka Haryana na vijiji vya pembeni ya Delhi, wengine wana miaka kumi, wanalala palepale, yaani wanaishi uwanjani, vyumba vimejaa magodoro, alfajiri giza bado wameshaamka wanakimbia, wanapanda kamba kwa mikono mitupu, wanapiga pushapu na kuchuchumaa mamia kwa mamia, halafu shule, halafu jioni tena. Na kule mambo ya chakula ni dini kabisa, wengi hawali nyama, ni maziwa, samli, lozi na chapati, mtoto anakunywa maziwa mpaka unashangaa yanaenda wapi.

Na yeye Satpal hakuyatoa hayo kichwani, alilelewa hivyohivyo. Mwalimu wake ni Guru Hanuman, jina la kuzaliwa Vijay Pal, mtu wa Rajasthan wa mwaka 1901, alikuja Delhi kijana akafungua akhara karibu na kiwanda cha Birla. Akhara ndo kama jimu yao ila ni shimo la udongo, udongo wenyewe unachanganywa na mafuta na manjano, na vijana ndo wanaulima kwa jembe kila siku kabla ya kushikana, kwa hiyo mazoezi yanaanza kabla ya mazoezi. Mzee huyo hakuoa, hakuzaa, vijana ndo walikuwa wanawe, anawaamsha kwa fimbo na anawauguza wakiumia. Serikali ikamtambua, 1987 ikampa tuzo ya Dronacharya ambayo kule ndo heshima kubwa ya makocha, na alifariki kwa ajali ya gari 1999 akiwa anakaribia miaka mia. Mpaka leo ukitaja mieleka ya India jina lake linakuja mbele ya mabingwa wengi aliowafundisha. Nakuomba hilo ulitafakari wewe unayeogopa watu watasema nini.

Ila Satpal alifanya jambo ambalo mimi naliheshimu zaidi. Mieleka ya udongo ilikuwa na hela zake kule, mashindano ya vijijini yanajaza watu na mshindi anaondoka na noti, wakati Olimpiki ni mkeka, na mkeka una mwendo mwingine, sheria nyingine, pointi zinahesabiwa haraka. Yeye akawazoesha watoto mkeka. Akasubiri. 1992 hakuna medali, 1996 hakuna, 2000 hakuna, 2004 hakuna. Na India yenyewe mara ya mwisho kupata medali ya mieleka Olimpiki ilikuwa 1952 Helsinki, K. D. Jadhav, shaba. Hebu fikiria mtu anaamka kila alfajiri miaka ishirini kufuata kitu ambacho nchi nzima imekikosa tangu kabla yeye hajazaliwa!

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kijiji cha Baprola, Sushil Kumar, baba yake dereva wa basi, alifika Chhatrasal akiwa na miaka 14 hivi. Beijing 2008 Sushil akapoteza pambano la kwanza kabisa, akapigwa na Stadnik wa Ukraine, watu wakajua basi imeisha. Lakini mieleka ina utaratibu kwamba aliyekupiga akifika fainali na wewe unarudishwa kugombea shaba, Stadnik akafika fainali, Sushil akarudi akapiga watu watatu mfululizo ndani ya muda mfupi sana akachukua shaba. Miaka 56 tangu Jadhav. 2010 akawa bingwa wa dunia Moscow, 2012 London akachukua fedha, na mwenzie wa hapohapo Yogeshwar Dutt akachukua shaba. Medali ambayo Satpal hakuipata kwa mwili wake ikaja nyumbani kwake kwa mikono ya watoto wake, na huyo Sushil alikuwa ameshakuwa mkwe wake, kamwoa binti yake Satpal.

Sitakuficha na upande mwingine. 2021 Sushil huyohuyo alikamatwa, akashtakiwa kwa kifo cha mwanamieleka kijana aliyepigwa palepale uwanjani, ya mahakama naiachia mahakama. Nimekutajia kwa sababu ukiwa kocha mtoto hatoki mikononi mwako siku anayovaa medali, akishakuwa na jina ndo anahitaji mtu wa kumwambia hapana, na mara nyingi ndo siku hizo watu wote wanaomzunguka wanamwambia ndiyo.

Lakini uwanja haukufa. Kuna Ravi Dahiya, mtoto wa mkulima anayelima shamba la kukodi kijiji cha Nahri, baba yake kwa miaka alikuwa anasafiri kutoka kijijini mpaka Chhatrasal kumpelekea maziwa na matunda, ndo mchango aliokuwa nao. Tokyo nusu fainali Ravi yuko nyuma 9 kwa 2, Mkazakhstan anamng'ata mkono, waziwazi, yeye hajamwachia mpaka kamlaza mabega chini, akaondoka na fedha ya Olimpiki. Halafu Aman Sehrawat, huyu alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo na pale uwanjani ndo pakawa kwao, Paris 2024 akachukua shaba ana miaka 21. Huyu ndo ananiliza kila nikimsoma. Hiyo ndo kazi aliyoianza Satpal, mtoto yatima alikuta mlango uko wazi na kitanda kipo.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda. Nenda ukiwa bado una nguvu za kuingia ulingoni na watoto ukawaonyesha kwa mwili, usisubiri mpaka magoti yagome. Na wasichana uwapokee, Mahavir Singh Phogat kule Balali aliwafundisha binti zake Geeta na Babita wakashindana na wavulana na kijiji kikasema sana, Geeta akaja kuwa mwanamke wa kwanza wa India kuchukua dhahabu ya mieleka Jumuiya ya Madola, 2010.

Ila kazi yako ya mchana usiiache. Satpal alikuwa na ajira serikalini Delhi, idara ya elimu upande wa michezo, mshahara unaingia, ndo maana aliweza kusubiri miaka yote ile bila kuwageuza watoto kuwa biashara. Kabla hujamkubalia mwenye jimu muulize mambo matatu: watoto watakula nini baada ya mazoezi, akiumia mtoto nani analipa hospitali, na nani anaongea na wazazi shule zikifungua. Akikujibu vizuri nipigie, kuna glovu na kamba za kurukia za shule ninayoijua wanataka kuziondoa stoo, nitawaomba.

Mama yako.