Kusema Mtandaoni Ukiwa Shamba: Ushauri Wangu kwa Wenye Bando la Mia Tano

"Shikamoo dada. Nataka na mimi niwe na ukurasa wangu, niandike mambo ya kwetu, lakini simu ni ya kaka, na mtandao kwetu mpaka utoke nje ndio unashika. Halafu watu wananitisha, eti nitafungwa. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo niliupata wiki iliyopita kutoka kwa msichana wa Wilaya ya Micheweni. Marahaba, mdogo wangu. Siku ile nilikujibu kwa mkato kwa sababu dukani palikuwa na foleni. Leo nakujibu kwa kirefu, na mbele ya wenzako, maana najua wasomaji wangu wote mna hamu moja: neno lako litoke Pemba, livuke bahari, lisomwe na mtu asiyekujua, naye aseme huyu kasema kweli.

Mimi nina steshenari Wete. Kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na printa moja yenye hila. Si duka la kutambia, lakini ukitaka kujua nani yuko mtandaoni na nani hayuko, kaa nyuma ya meza yangu msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Bodi ya Mikopo hupokea maombi kwa mtandao. Mtoto wa mjini Unguja anajaza kwa simu yake akiwa kitandani. Mtoto wa Kojani anapanda mashua kwanza, kisha gari, ndipo anifikie na bahasha yake ya vyeti, na akishafika ukurasa unazunguka, unazunguka, unagoma. Jua likianza kushuka ananiuliza, "Dada, nikuachie namba ya siri unimalizie?" Kila mwaka wapo wanaoniachia. Siri zao ziko kwenye daftari langu, chini ya mkasi. Halafu mtu ananiletea mada ya faragha ya mtandaoni!

Hapo ndipo nilipoanzia kuandika. Nilifungua blogu: nauli, bei ya pweza, kisima kilichoharibika, skuli iliyokosa mwalimu wa hesabu. Watu waliipenda, sisemi uongo. Walioko Maskati na London walikuwa wananiandikia kuniuliza habari za mitaa yao. Kisha zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018. Nilizisoma usiku, nikazitoa kopi nikazisoma tena. Shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni moja ya kila mwaka. Ukiendesha blogu bila leseni, faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Kopi moja kwangu wakati ule ilikuwa shilingi mia. Ili nizipate hizo milioni mbili na laki moja ningetoa kopi 21,000, tena karatasi, wino na umeme nipewe bure. Nikaifunga. Jina lake silitaji hapa, likinipita mdomoni bado linachoma.

Kanuni zile ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usitishwe na mtu anayekutajia mamilioni ya mwaka ule. Tafuta za sasa, usome mwenyewe. Na ukisoma ujue kuwa sisi Wazanzibari tuna milango miwili. Gazeti la karatasi si jambo la Muungano, hapa linaongozwa na sheria yetu Namba 5 ya 1988. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo maneno yale yale ukiyatia kwenye simu umeshaingia kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi Bara na Visiwani. Kifungu chake cha 16 kinamshika anayesambaza habari za uongo, kwa faini ya mamilioni au kifungo. Basi usiandike ulichosikia, andika ulichokiona. Ukiambiwa pampu imekufa, nenda kaitazame, ipige picha, muulize sheha, ndipo uandike. Hili nitalirudia.

Baada ya blogu nikahamia WhatsApp. Kipande cha katikati nakiruka, hakina utamu: kuingiza namba, kutoa namba, kugombana na wanaotuma picha za maua alfajiri. Nilichojifunza ni hiki: andika fupi. Kwetu kuna sehemu simu inaonesha ile herufi E pembeni, alama ya mtandao wa kutambaa, na mwenye simu amenunua bando la mia tano. Ukimtumia video ya MB 20 umemlia bando lake. Dakika moja ya sauti ya WhatsApp haifiki MB moja, na maandishi ndiyo hayahesabiki kabisa. Mimi hutuma maandishi. Nikizidisha sana ni picha moja, na kwa wasioweza kusoma, sauti. Kuna mama wa Tumbe ambaye kwenye kundi langu hayumo, aliyemo ni mwanawe, lakini kila Ijumaa anasikilizishwa sauti yangu, na tukikutana sokoni ananipa jawabu lake mdomo kwa mdomo. Nikikosea bei ya dagaa atanisimamisha mbele za watu. Huyo namuogopa kuliko TCRA.

Sasa niwaambie lililonikera. Nilialikwa kwenye semina ya uhuru wa maoni mtandaoni, hotelini, Unguja. Nauli ya mtu wa Pemba haikuwemo kwenye bajeti, nikaambiwa nishiriki kwa video. Nikafunga duka, nikavaa buibui jipya, nikaenda Chake kwa rafiki yangu ambaye kwake mtandao una nafuu. Zamu yangu ilipofika nikasema bismillahi na sentensi moja, nikaganda. Mimi nawasikia, wao hawanisikii. Mwendesha semina akasema, "Tumempoteza mwenzetu wa Pemba, tuendelee." Wakaendelea. Wakajadili mchana mzima jinsi watu wanavyonyamazishwa, na mimi niko ukutani kwao, mdomo wazi kama chewa. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu. Jioni nikatumiwa fomu ya kuitathmini semina, ya kujaza mtandaoni.

Waliyoyasema yalikuwa kweli, siwasingizii. Mei 2025 X, ile iliyokuwa Twitter, ilifungwa nchini, ikawa haifunguki bila VPN, yaani programu ya kupitia njia ya pembeni, na hizo VPN zenyewe TCRA ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia wajisajili. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimamishwa kwa siku 90. Hayo ni makubwa na wana haki ya kuyapigia kelele. Upande wa pili nao wana kauli yao, nimeisikia kwa wakubwa na nimeisikia barazani kwetu: watu wa shamba wanataka maji na barabara, hayo ya kutoa maoni ni ya watu wa mjini walioshiba. Hiyo ndiyo inanipandisha hasira kuliko hata semina. Maji yatakuja vipi bila mtu kusema kuwa hayapo? Kampuni ya simu inapeleka mnara panapolipa. Kwa pale pasipolipa ukaundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sheria ya 2006, na ni jambo jema. Lakini huo mnara nao unataka mtu wa kuudai, na siku hizi madai yanapelekwa huko huko mtandaoni. Wa Fuoni, kando ya mji kule Unguja, akilalamika mtandao mbovu, analalamika hewani na anaonekana. Wa Makangale, shamba huku Pemba, hana pa kulalamikia, kwa hiyo Makangale inaonekana imeridhika. Ukishamnyima mtu mtandao huna haja ya kumfungia ukurasa. Na aliyeweka mnara kisha akazuia maneno yasipite, kaweka bomba la maji na kulifunga koki. Mimi nayataka yote mawili kwa pamoja, na sitaki kuulizwa nianze kupewa lipi.

Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, haikuanza kurudi mpaka tarehe 3 Novemba. Mei 2024 nayo ilikuwa imezorota, lakini ile ilikuwa ni nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilizokatika baharini huko upande wa Afrika Kusini. Safari hii haikuwa bahari. Kwa siku zile Micheweni na Mikocheni ya Dar tulikuwa sawa. Wenzangu wa Dar waliporudi hewani wakaandika walivyohangaika bila kujua ndugu zao wako wapi, nikawaonea huruma, na waliopoteza watu wao Mungu awape subira. Lakini hapa Pemba nilipolitaja jambo hilo dukani, mteja mmoja aliinua uso akaniuliza, "Kwani ulizimwa?"

Siku zile niliandika kwa kalamu: saa za boti, bei ya unga, duka lililofungua. Nikabandika mlangoni. Watu walisimama wakasoma, wengine wakanakili kwenye viganja. Mtandao ukarudi, karatasi sijaiacha. Kila Jumatatu iko mlangoni, na inasomwa na watu ambao kwenye kundi langu hawajawahi kuingia wala hawataingia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usianze na ukurasa. Anza na daftari. Andika ulichokiona, andika fupi. Mwombe kaka simu baada ya isha, wakati watu wengi wamelala na mtandao una nafuu, lakini usiseme maneno yako kwa laini yake. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, neno likigeuka atakayeitwa ni yeye. Pata kitambulisho, sajili laini yako, iweke hata kama simu huna, ukipewa simu unaichomeka. Kusanya majirani ishirini, wasiozidi, watu watakaokuja kukugongea mlango ukikosea. Andika fupi. Jambo la kisima likitatuliwa, andika pia kuwa limetatuliwa, na mtaje sheha aliyelishughulikia, maana wengi wetu tunajua kulaumu tu kisha tunalalamika wakubwa hawatupendi. Na nyinyi vijana wa mjini mnaonisoma, mnaposambaza video ya dakika kumi ya mtu anayefoka, jiulizeni nani ataimaliza. Hamsemi na nchi, mnasemezana wenyewe kwa wenyewe. Fupisheni. Chapisheni. Bandikeni mlangoni.

Nanyi waandaaji wa semina, ijayo ifanyeni Konde, huku kwetu Pemba. Madarasa ya skuli yapo, na chakula tutapika sisi, wali na pweza wa nazi. Vocha mje nazo wenyewe, na asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, kila mmoja wenu akae ajaze ile fomu ya tathmini mpaka iende.