Kupanda Nairobi baada ya kuzamia Diani, hata kwa treni

Ndugu, umeuliza kama mkeo, akimaliza kozi ya kuzamia Diani, anaweza kupanda treni ya SGR ya jioni ileile kwenda Nairobi. Hapana, haimfai. Asubiri angalau saa 18 tangu atoke majini mara ya mwisho, na 24 ni bora zaidi. Wengi hudhani katazo ni la ndege pekee, lakini mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, unahesabu kimo chochote kuanzia mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Gari, basi, treni, ni mamoja. Akiwa chini, naitrojeni ya hewa ya mtungi huyeyuka mwilini. Akipanda upesi kwenye hewa nyepesi inatoka kama vipovu, vile soda inavyofoka ukifungua kizibo.

Saa 12 zinatosha kwa aliyezamia mara moja tu. Kozi huwa na mbizi kadhaa kwa siku mbili au zaidi, kwa hiyo 18. Akitoka majini Jumamosi saa tano asubuhi, zinatimia Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Mkatie tiketi ya mchana. Jioni hiyo anywe maji ya kutosha, pombe aiache, na mizigo mizito ubebe wewe.

Akilalamika maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, huenda ni vipovu hivyo; msisafiri kabisa. Apewe oksijeni na aonwe na daktari hukohuko pwani, hata kama anasema ni misuli tu.