Mtoto wa mbwa wa mbegu ndogo: ratiba ya chakula na namna uzito wake unavyopaswa kupanda

Ndugu mwuliza, umeeleza kwamba mtoto wako wa mbwa wa aina ya Maltese ana umri wa wiki tisa na uzito wa gramu 700, kwamba analishwa asubuhi na jioni pamoja na mbwa wakubwa wa hapo nyumbani, kwamba uti wa mgongo wake unahesabika kwa vidole ilhali tumbo limetokeza, na kwamba majirani wanakushauri umwongezee ugali na maziwa ya ng'ombe mpaka anenepe. Nimelea mbwa wa mbegu ndogo hapa Arusha kwa miaka mingi, hasa Maltese na Japanese Spitz, na ninakujibu kwa urefu kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo la kurekebisha leo hii na kuna jingine linalohitaji wiki kadhaa za uangalifu.

La leo ni ratiba. Mtoto wa mbwa mwenye gramu 700 hawezi kukaa saa kumi na mbili bila chakula. Ini lake ni dogo na huhifadhi sukari kidogo sana, misuli yake bado ni michache, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili wa mbwa mkubwa, kwa hiyo huunguza nishati nyingi ili tu abaki na joto. Akiba ile ikiisha, sukari ya damu hushuka, na ubongo ndio unaoumia kwanza. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukosa chakula siku nzima asipate madhara makubwa, lakini mtoto wa umri huu anaweza kuzimika kati ya mlo wa jioni na ule wa asubuhi, hasa usiku wa baridi kama ile ya Juni na Julai huku kwetu.

Dalili zake uzijue wewe na kila anayebaki naye nyumbani: hulegea ghafla, hupepesuka anapotembea, hutetemeka, huangalia bila kuona, na mwisho hupatwa na degedege au kupoteza fahamu. Ukiziona, mpake asali au glukosi iliyokorogwa nzito kwenye fizi na upande wa ndani wa mashavu, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni kwa sababu asiyeweza kumeza atapaliwa na kimiminika kitaingia kwenye mapafu. Mfunike apate joto, umpe chakula mara tu anapoweza kula mwenyewe, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepona, maana sukari hushuka tena kama kilichoishusha hakijaondolewa.

Kwa uzito alio nao sasa, mimi ningemlisha mara tano: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mlo wa saa 4 usiku ndio ambao watu wengi huuacha, na ndio ninaoutetea kuliko mingine yote, kwa kuwa hufupisha usiku kutoka saa kumi na mbili hadi saa nane. Akifikisha kilo moja na wiki kumi na mbili, mitano inaweza kuwa minne. Kuanzia miezi minne hivi, mitatu. Na baada ya miezi sita, miwili inamtosha, isipokuwa kwa wale wadogo kabisa ambao hata wakikomaa hawafiki kilo mbili, ambao ni salama zaidi kubaki na mitatu. Kila unapopunguza idadi ya milo, kiasi cha chakula cha siku nzima kinabaki kilekile na kugawanywa upya.

Sasa kiasi chenyewe. Kanuni wanayoitumia madaktari wa mifugo ni rahisi kuliko inavyosikika, na simu yenye kikokotoo inatosha. Chukua uzito kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu uzidishe kwa 70. Hiyo ndiyo nishati ya mwili uliopumzika kwa siku, kwa kilokalori. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne huhitaji takribani mara tatu ya kiasi hicho, na baada ya hapo hushuka taratibu kuelekea mara mbili. Kwa mtoto wako: 0.7 × 0.7 × 0.7 ni 0.343, kipeuo cha pili chake ni 0.586, kipeuo cha pili cha hiyo ni 0.765, ukizidisha kwa 70 unapata karibu 54, na mara tatu yake ni takribani kilokalori 160 kwa siku. Chakula kikavu chenye kilokalori 380 kwa kila gramu 100 kitakuwa gramu 42 kwa siku, yaani gramu nane na kidogo kwa kila mlo. Hiki ni kiasi cha kuanzia, kwa kuwa watoto wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana, na mizani ndiyo itakayokuambia kama uongeze au upunguze.

Ugali na maziwa havitakufikisha huko. Unga wa mahindi una takribani asilimia 8 ya protini, wakati kiwango cha chini kinachokubalika Marekani kwa chakula cha mbwa anayekua ni asilimia 22.5 ya chakula kisichohesabiwa maji. Tena ugali umebeba maji mengi, kwa hiyo tumbo lenye ukubwa wa yai hujaa kabla mwili haujapata unachohitaji. Ukimwona ameshiba huku hakui, jambo hilo ndilo linaloendelea. Maziwa ya ng'ombe nayo hayafanani na ya mama yake: ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili, na sukari ya maziwa pungufu. Watoto wengi walioachishwa huharisha wakinywa ya ng'ombe kwa wingi, na mtoto wa gramu 700 anayeharisha hupoteza kwa siku moja alichokusanya kwa wiki.

Nyama tupu, ambayo wengine watakushauri kwa upendo, ina tatizo jingine. Nyama na maini vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, ilhali mtoto anayekua anahitaji kalsiamu angalau iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo. Asipoipata kwenye chakula, mwili huitoa mifupani, na mifupa huwa laini hata kuvunjika anaporuka kutoka kwenye kiti. Kama huna uwezo wa kununua chakula kamili kila mwezi, na ninajua bei zilivyo, pika kuku au nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, wali laini, yai, dagaa wasio na chumvi na karoti iliyopondwa, kisha uongeze ganda la yai lililokaushwa na kusagwa liwe unga laini kabisa. Kijiko cha chai cha unga huo kina takribani gramu 2 za kalsiamu, na kwa kilokalori 160 za mtoto wako mahitaji ni kama nusu gramu, kwa hiyo robo ya kijiko kwa siku inakaribia mahitaji hayo. Hata hivyo, mwonyeshe daktari orodha hiyo, kwa sababu vitamini na madini mengine hayaonekani kwa macho. Anayekula chakula kamili cha kiwandani asiongezewe kalsiamu yoyote. Mchuzi wa mezani usimpe hata kwa kuonja, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Ukinunua cha kiwandani, soma mfuko kama umeandikwa kwamba ni chakula kamili kwa ukuaji au kwa hatua zote za maisha. Mimi sipendi kile kinachopimwa dukani kutoka kwenye gunia lililofunguliwa. Mafuta yake huharibika kwa hewa na joto, na huna maelezo ya kilokalori wala tarehe ya mwisho. Punje ziloweke kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Hunukia zaidi na meno madogo huzimudu. Kilichobaki kitoe baada ya dakika ishirini, hasa kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako chakula kilicholowa huchacha upesi. Kama unabadilisha aina ya chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku saba, ukiongeza kipya kidogo kidogo.

Nimesema kuna jambo linalohitaji wiki kadhaa, nalo ni uzito. Mizani ya bafuni haifai. Tafuta ya jikoni inayosoma gramu, weka bakuli, ifute isome sifuri, kisha mweke mtoto ndani. Mpime asubuhi kabla ya kula na baada ya kujisaidia, kila siku mpaka afike kilo moja, kisha mara moja kwa wiki. Andika kwenye daftari. Kwa miezi mitano ya kwanza, kiasi kinachotarajiwa ni gramu 2 hadi 4 kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Maltese atakayefika kilo tatu anapaswa basi kuongeza gramu 6 hadi 12 kwa siku, yaani gramu 42 hadi 84 kwa wiki. Ongezeko hili ni dogo mno kwa jicho kuliona, na ndiyo sababu siamini maneno ya "anaonekana ameongezeka". Siku moja bila kupanda si ya kutisha. Siku mbili au tatu mfululizo zikipita hajapanda, piga simu kwa daktari. Akishuka, nenda siku hiyohiyo.

Tazama pia mstari mzima. Mwaka 2017 watafiti walichapisha chati za ukuaji wa mbwa kuanzia wiki 12 hadi miaka miwili, zikiwa zimegawanywa kwa jinsia na kwa ukubwa, na kundi dogo kabisa ni la watakaokuwa chini ya kilo 6.5. Mwombe daktari wako akuchoree mstari wa mtoto wako kwenye chati hiyo. Anayefuata mstari wa chini kwa uthabiti yuko vizuri kuliko anayepanda ghafla akavuka mistari miwili, kwa sababu mbwa mdogo si lazima awe mgonjwa, ila mbwa anayetoka kwenye mstari wake ana jambo linalomsumbua.

Na hapa ndipo tumbo lile linaponitia wasiwasi. Mgongo uliokonda pamoja na tumbo lililotokeza ni sura ya minyoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Minyoo ya duara iitwayo Toxocara canis humfikia mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, na tena kwa njia ya maziwa, kwa hiyo usafi wa nyumba yako hauzuii asizaliwe nayo. Ndiyo maana dawa hutolewa kuanzia wiki ya pili, kisha kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, na baadaye kila mwezi hadi miezi sita. Muulize aliyekuuzia ni dawa gani alimpa na lini. Usikate kidonge cha mbwa mkubwa kwa kukadiria. Kipimo hutegemea gramu zake halisi, na ile ya maji ni rahisi kupima kwa sindano isiyo na ncha. Minyoo hii huwapata binadamu pia, kwa hiyo watoto wa nyumbani wanawe mikono na kinyesi kiokotwe kila siku. Mkague na viroboto, kwani kwa mwili mdogo hivyo wanaweza kunyonya damu hadi akapungukiwa.

Akishapata nafuu, jihadhari na upande wa pili. Ukirudi kwenye kanuni ile, mtoto wa wiki 15 mwenye kilo 1.3 anahitaji takribani kilokalori 256, lakini akiwa na miezi mitano na kilo 1.8 anahitaji karibu 218. Amekuwa mkubwa zaidi na anahitaji chakula pungufu. Familia nyingi huendelea kuongeza bakuli katika miezi hiyo kwa sababu mbwa anaomba na watoto wanampa biskuti, na kufikia mwaka mmoja magoti yake yanateleza na koo linakoroma anapokimbia, maradhi ambayo mbegu hizi tayari zina mwelekeo nayo na unene huyazidisha. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Mpapase ubavuni: mbavu zisikike chini ya ngozi bila kubonyeza, zisionekane kwa mbali, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Kati ya miezi minne na sita anaweza kula kwa kusuasua kwa ajili ya meno yanayobadilika. Mlainishie chakula, ukaendelee kupima.

Jambo moja la nyumbani: mtu mmoja awe msimamizi wa ratiba, na kila anayelisha atie alama kwenye daftari. Mahali ambapo kila mtu anadhani mwingine amemlisha, mtoto hulala njaa au hula mara mbili.

Kesho asubuhi mpime, uchukue kinyesi kibichi kwenye kichupa safi, na uende navyo kwa daktari pamoja na daftari. Kinyesi kisizidi saa chache, na usimnyime mlo wa asubuhi kabla ya safari, maana baadhi ya watu hufanya hivyo wakihofia atatapika garini. Ukishajua matokeo, andika hapa uzito wa wiki ya kwanza na aina ya chakula unachokipata huko uliko, nitakusaidia kupanga gramu za kila mlo.