Maswali yenu: "Snob" alikuwa fundi viatu

Safu iliyopita nilitaja neno la Kiingereza la mafundi viatu, "cordwainer", nikapita bila kulieleza, na barua zimenijia kama mvua. Kosa ni langu. Nimechagua chache, za kuniomba niwafanyie mazoezi ya shule nimeziweka kando.

Shikamoo mzee. "Thou" na "thee" (yaani "wewe") za Shakespeare ndicho Kiingereza cha kale? (Dodoma)

Marahaba. Sicho, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Shakespeare alifariki 1616. Kiingereza cha kale kilikuwa kimekwisha karne nne na ushei kabla yake. Huko kiatu kiliitwa "scoh" na fundi wake "sceowyrhta". Ukiweza kuyatamka hayo bila kujing'ata ulimi, niandikie tena.

"Cordwainer" na "cobbler" si wote mafundi viatu tu? Kamusi yangu imewaweka fungu moja. (Morogoro)

Kamusi yako ni ya mfukoni. "Cordwainer" ni mtu wa ngozi mpya, anayeshona viatu vipya. Jina lake limetoka Córdoba, mji wa Hispania uliosifika kwa ngozi laini tangu enzi za Waislamu wa Andalusia. Likapitia Kifaransa, likatua London. Chama cha mafundi hao kilipewa hati ya mfalme mwaka 1439, na kipo hadi leo. "Cobbler" ni mtu wa viraka, anayetengeneza viatu vilivyochakaa. London ya zamani iliwatenganisha kwa amri: huyu asishone kwa ngozi kuukuu, yule asiguse mpya. Ukimwita "cordwainer" kwa jina la mwenzake, umemtukana.

Hili naling'ang'ania kwa sababu linaharibu masomo. Wanaosoma Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na tafsiri yake ikatoka 1963, hukutana na "cobbler" pale mwanzo kabisa. Mkubwa wa serikali anamuuliza kazi yake, jamaa anajibu kuwa ni "cobbler", mkubwa anafoka na kuuliza tena. Darasani tunaambiwa mkubwa ana hasira. Hapana, ni kwamba bado hajajibiwa! Siku hizo "cobbler" aliweza pia kuwa mtu yeyote anayelipua kazi, awe seremala au mwashi. Kisha jamaa anasema hutengeneza "soles" mbovu, na sikioni zinasikika "souls". Soli na roho: kwetu utani unafia hapo hapo. Mwalimu anayefasiri neno hilo "mshona viatu" na kuendelea mbele amewanyima watoto kicheko walicholipiwa ada.

Nimetumiwa kwenye WhatsApp kwamba "snob" ni kifupisho cha Kilatini "sine nobilitate", yaani asiye na ukoo wa heshima. Na kwamba "sabotage" (hujuma) ilianza pale wafanyakazi wa Ufaransa walipotupia mashine viatu vyao vya mbao. Ni kweli? (Mombasa)

La kwanza ni uongo mtupu. Mwishoni mwa karne ya 18 "snob" alikuwa fundi viatu, au kijana wake wa kazi. Wanafunzi wa Cambridge wakalichukua kuwaitia watu wa mjini wasio wa chuo. Baadaye likawa la mtu wa kawaida anayeiga wakubwa, na mwisho likamwangukia anayewadharau walio chini yake. Limepanda ngazi zote na viatu vyake.

La pili lina chembe ya ukweli. "Sabot" kweli ni kiatu cha mbao, ndugu wa mtalawanda wetu. Lakini "saboter" ilikuwa kutembea navyo kwa makelele, kisha kufanya kazi ovyo. Vyama vya wafanyakazi Ufaransa vilipoipitisha "sabotage" kama silaha mwaka 1897, walimaanisha hasa kuzorotesha kazi: mshahara mbovu, kazi mbovu. Viatu ndani ya mashine vimeongezwa na wasimulizi.

Asili ya neno ikikujia tamu kama hadithi ya sungura, usiisambaze kabla hujamuuliza mtu.

"To boot" (yaani "juu ya hayo") ina uhusiano na buti? (Nakuru)

Hauna. Ni "bot" ya kale, yaani faida. Ni ile nyongeza anayokutilia muuza mchele baada ya kupima.

Soksi ni neno letu? (Tanga)

Ni la Kiingereza, na wao walilitoa kwa Warumi. "Soccus" ilikuwa kiatu chepesi, na waigizaji wa vichekesho ndio waliokivaa jukwaani. Kwa hiyo soksi yako ilikuwa kiatu. Nasi tuliichukua kwa wingi wake, "socks", tukaifanya moja.

Kalibu ya fundi viatu kuitwa "last", sawa na "mwisho", ni kwa nini? (Moshi)

Ni maneno mawili yaliyogongana sura. La mwisho limetoka kwenye "late". La kalibu limetoka kwenye "last" ya kale, unyayo uliobaki ardhini. Tena kitenzi "to last", kudumu, ni cha ukoo huo huo wa unyayo: kufuata nyayo bila kuacha. Fundi wangu wa sokoni ana chuma cha miguu mitatu, wayo mkubwa, wa mtoto na kisigino, hukipindua kwa goti, akapigilia msumari, akasema, "Hiki kitadumu, mzee." Mara mbili kati ya tatu amesema kweli.

Mwanangu yuko Leeds, Uingereza, anataka saizi yangu ya viatu. Navaa 42, yeye anasema 8. Nani mkweli? (Zanzibar)

Wote wawili: 8 yake ni ya Kiingereza, 42 yako ni ya bara la Ulaya. Waingereza bado wanahesabu kwa punje ya shayiri: punje tatu inchi moja, na kutoka saizi moja hadi inayofuata ni punje moja, karibu milimita 8.5. Bara la Ulaya hupiga hatua ya theluthi mbili za sentimita. Usibadilishe kwa kubahatisha. Simama juu ya karatasi jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, uchore na upime kwa sentimita. Mtumie ya miguu yote miwili, maana wa kulia na wa kushoto hailingani.