Kabla hujawasha pampu, kapime kisima cha jirani

Bibi jirani hakuja kugomba. Alimtuma mjukuu wake na ndoo, ndani yake tope na maji yasiyofika nusu lita. "Bibi anasema leo kimetoa hiki." Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2022, Mto Ruvu umeshuka, Dar iko kwenye mgawo wa maji, na mimi huku Kigamboni naona neema imenishukia. Maboza yalikuwa yanapanga foleni getini kwangu hadi usiku.

Kisima changu nilikichimba mwaka mmoja kabla: mita 38, pampu ya kuzamisha inayotoa lita 3,000 kwa saa. Siku za kawaida niliiendesha kwa saa 10, yaani lita 30,000. Mwezi ule wa mgawo nilifika saa 18. Cha bibi ni kisima cha ringi, mita 9, kilichimbwa kwa sururu na koleo kabla mimi sijakijua hata kiwanja. Kutoka kwake hadi kwangu ni mita 25 hivi.

Nikamwendea. Baada ya shikamoo nikaanza kujitetea: ni ukame, bibi, halafu maji yangu yanatoka chini kabisa, yako ni ya juu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Baba, mashine yako inakunywa kwangu."

Nilirudi nyumbani nimeudhika, na nikafanya jambo moja tu la maana mwezi ule. Nilifunga nati kwenye kamba, nikapima maji ya kisima chake alfajiri, kisha nikazima pampu siku tatu. Maboza yakaondoka kwa matusi. Mvua ya vuli ilikuwa haijadondosha hata tone, lakini siku ya nne alfajiri maji ya bibi yalikuwa yamepanda karibu shubiri moja. Ukame haupandishi maji. Hapo nikanyamaza.

Ukitaka kuelewa kilichotokea, nenda ufukweni umwangalie mtoto anayechimba shimo mchangani. Maji yanajitokeza chini ya shimo. Akiyachota polepole, yanarudi. Akiyachota kwa kasi, yanashuka, na mchanga wa kandokando unapoteza maji pamoja nayo. Pampu inafanya vivyo hivyo. Maji yanashuka sana palipo na bomba, yanashuka kidogo kadiri unavyokwenda mbali, na ukiyachora yanatoka umbo la faneli. Kisimani kwangu maji yalikuwa yanashuka kutoka kina cha mita 7 hadi mita 16 pampu ikiwa imewaka. Kwa bibi, ukingoni mwa faneli, yalishuka mita moja tu. Lakini kisima chake kilikuwa na maji ya mita moja na kidogo! Kwangu mita 9 hazikunishtua. Kwake ile moja ndiyo ilikuwa riziki yote.

Na faneli haitulii siku moja. Katika mchanga wa wazi kama wetu inatanuka polepole, wiki hata miezi, ndiyo maana mwenye pampu anaapa kabisa kwamba "nimepampu mwaka mzima na hakuna aliyelalamika." Palipo na tabaka la mfinyanzi lililoyafunika maji ni kinyume: jirani wa mbali anaweza kuhisi siku hiyo hiyo. Na visima viwili vikikaribiana, mishuko yao inajumlishwa. Mtaa wenye visima kumi unavuta pamoja, hata kama wenyewe hawasalimiani.

Baadaye nilikaa na kalamu, na hesabu hii ndiyo iliyonivua nguo. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 20. Mvua ya Dar ni kama milimita 1,100 kwa mwaka. Hata kama kila tone lingezama ardhini, bila kukauka na bila kunyonywa na mwembe wangu, ni lita 440,000. Kwa lita 30,000 kwa siku, hizo ni wiki mbili. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya wiki mbili, na wiki hamsini nilikuwa navuta mvua iliyonyesha kwa wenzangu.

Kama unaishi karibu na bahari kama mimi, hujamaliza kuhesabu. Maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi ardhini kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni inayoitwa ya Ghyben na Herzberg, iliyofikiwa karne ya 19 ikiisha na ya 20 ikianza, inasema kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Isome kinyumenyume: ukishusha maji mita moja na kuyaacha hapo kwa muda mrefu, chumvi inaweza kupanda mita 40. Tena chini ya bomba lenyewe, faneli ya juu inazaa kichuguu cha chumvi kinachopanda kutoka chini. Mimi niligundua kwa chai. Mke wangu aliniuliza nani ametia chumvi kwenye birika. Kisima kilichokauka mvua inaweza kukirudishia maji msimu mmoja, lakini chumvi ikishaingia inakaa miaka.

Sasa, ukitaka kuchimba, mimi ningefanya hivi. Kwanza kibali: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ipo, na kwa Dar wahusika ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Usiache. Lakini kibali hakikupimii chochote. Siku ya majaribio ya kisima, wachimbaji wengi wanataka kupampu saa moja, wakuoneshe maji yanavyoruka, mpige picha, waondoke. Waambie saa 24, na katika muda huo mtu mmoja akae kwenye kisima cha jirani aandike kina kila saa. Mwombe fundi ateremshe kibomba chembamba pembeni ya bomba la pampu, ili upate pa kupitishia kipimo. Bila hicho utabaki kubahatisha. Kupima ni rahisi: paka chaki kwenye futi ya chuma, ishushe, soma namba iliyo mdomoni mwa kisima, itoe, kisha ondoa urefu uliolowa; kinachobaki ndicho kina cha maji. Ioshe kwa dawa ya klorini kwanza, maana ni maji ya kunywa. Pima alfajiri kabla hujawasha, andika.

Jambo ambalo nilichelewa kulijua: pampu ndogo inayoendeshwa muda mrefu inakusaidia wewe na inazuia kichuguu cha chumvi, kwa hiyo nunua pampu ndogo na simtanki kubwa. Jirani lakini haokolewi na hilo. Yeye anachohisi ni jumla ya lita kwa siku, wala haijalishi umezivuta kwa saa 5 au 20. Kwake dawa ni kupunguza.

Nimeshuka hadi lita 6,000 kwa siku. Maboza siuzii tena, madumu ya mtaani tu. Biashara imenyauka, sitadanganya. Maji ya bibi yamerudi mita moja na ya kwangu yanakunywika, ingawa chai bado inahitaji sukari ya kutosha.

Wiki iliyopita mtambo wa kuchimba umeingia kiwanja cha tatu kutoka kwangu. Mwenyewe ananiuliza chini kuna maji mengi? Kesho alfajiri nampelekea daftari langu, na kamba yenye nati.