Chakula cha Jioni Saa Kumi na Mbili

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mombasa, ambaye amepata nafasi ya kusoma Kobe kuanzia mwezi wa Aprili, aliniandikia kuniuliza kama ni busara kutumia akiba yake ya kwanza kulala siku mbili katika nyumba ya wageni ya pwani, katika kijiji cha Japani ambacho, kwa maneno yake, hakina lolote la kufanya. Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba ni busara kabisa. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu jibu langu lilikuwa la kweli lakini lilificha aibu ambayo nimeibeba kwa miaka miwili, na ni haki yake kuisikia kabla hajapanda treni.

Mahali ninapopazungumzia panaitwa Ine. Watu wengi wakisikia Kyoto hufikiria mji wa mahekalu, lakini mkoa wenye jina hilo unanyooka kaskazini hadi kwenye Bahari ya Japani, na Ine ipo huko juu, katika rasi ya Tango, mji mdogo wenye wakazi takriban 2,000. Kutoka stesheni ya Kyoto, treni ya haraka inayoitwa Hashidate hukufikisha Amanohashidate kwa muda wa saa mbili hivi, kisha unapanda basi linalofuata ufuo kwa karibu saa moja nyingine. Ghuba ya Ine imezungukwa na nyumba za mbao zipatazo 230 zinazoitwa funaya, yaani nyumba za mashua, ambazo zimesimama ukingoni mwa maji kabisa, bila ufuo mbele yake, mlango wa chini ukiwa wazi kwa bahari ili mashua iingizwe ndani kama mtu anavyoingiza baiskeli barazani. Zamani ghorofa ya juu ilikuwa ya kuanikia nyavu na kuweka zana, na familia yenyewe iliishi katika nyumba kubwa iliyo upande wa pili wa njia. Leo baadhi ya ghorofa hizo zimegeuzwa vyumba vya wageni. Mwaka 2005 serikali ya Japani iliuweka mtaa huo katika orodha ya maeneo ya majengo ya kihistoria yanayohifadhiwa.

Mimi nimezaliwa Pangani, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba nyumba hizo zinawezekana. Kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayejenga sebule mguuni mwa maji, kwa kuwa wakati wa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita tatu na kila mtoto anajua hadi wapi ukuta utalowa. Nilikaa dirishani kutwa nzima nikisubiri maji yajae, na hayakujaa. Bahari ya Japani inaungana na bahari kuu kupitia milango michache, myembamba na yenye kina kidogo, hivyo kujaa na kupwa kwake hakuzidi nusu mita hivi. Juu ya hilo, ghuba ya Ine inaelekea kusini, na kinywani mwake kimekaa kisiwa cha Aoshima, ambacho huvunja mawimbi kabla hayajaingia. Usiku husikii ngurumo ya bahari hata kidogo. Unasikia maji yakigusa mawe chini ya sakafu, taratibu, kama mtu anayeosha vyombo akichelea kumwamsha mgonjwa.

Sasa nieleze kosa langu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, nikiwa mwaka wangu wa pili Osaka, na rafiki yangu Mjapani alinisaidia kuweka nafasi katika minshuku moja ya Ine. Minshuku ni nyumba ya familia inayopokea wageni katika vyumba vichache, mara nyingi vitatu au vinne, na malipo huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi. Rafiki yangu aliniambia waziwazi kwamba chakula ni saa kumi na mbili jioni na kwamba nifike kabla ya saa kumi na moja. Nilimsikia kwa sikio la mtu aliyezoea hoteli, ambapo mapokezi hayafungwi na jikoni hapana uso wala jina. Nilishuka Amanohashidate, nikaona ule ukanda wa mchanga wenye misonobari unaokatiza ghuba kwa zaidi ya kilomita tatu, mojawapo ya mandhari tatu ambazo Wajapani wamezitukuza kwa karne nyingi, nikaamua kuutembea wote na kupiga picha. Sikujua kwamba mwezi huo jua hutua huko kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna saa ya jua mifupani, na saa hiyo ilinidanganya. Giza liliponishukia nilikuwa upande wa pili wa ghuba, mvua imeanza, simu imekwisha chaji, na basi nililopaswa kulipanda limeshaondoka.

Nilifika Ine karibu na saa mbili usiku. Katika kituo cha basi alisimama mama wa makamo mwenye mwavuli mmoja mkononi na mwingine umekunjwa kwapani, na huo uliokunjwa ulikuwa wangu. Alikuwa ametoka na kurudi kila basi lilipopita. Hakunigombeza. Aliinama, akaniomba radhi kwa mvua, kana kwamba mvua ile ilikuwa kosa la nyumba yake.

Mezani nilikuta sahani zimepangwa na kufunikwa. Mumewe alikuwa amemchagua samaki yule asubuhi kwa ajili ya watu watano, nami nilikuwa wa tano. Wageni wengine walikuwa wameshakula na kupanda vyumbani. Kulikuwa na samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, ambavyo kwa kusubiri vilikuwa vimeanza kukauka ukingoni, na samaki mwingine aliyechemshwa kwa sosi ya soya na mirin. Hapo ndipo nilipoongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Mirin ni kileo kitamu cha kupikia, na mimi ni Mwislamu, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikula wali, supu na samaki mbichi, nikakirudisha kile kilichochemshwa bila kukigusa. Mama yule alikitazama, akaniuliza kwa upole kama hakikuwa kitamu. Kijapani changu hakikutosha kumweleza. Nilisema tu, "Samahani." Niliona uso wake ukijifunga, na uso huo ndio ninaouona hadi leo mtu anaponitajia pwani ya Japani.

Nataka kila anayesoma haya alielewe jambo hili kabla ya mengine yote: katika nyumba kama hiyo wewe ni mgeni, si mteja. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi wa pwani tunapenda kulitumia neno hilo tunapokuwa wenyeji, lakini tukiwa wageni tunasahau kwamba mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni wake haji kwa wakati. Katika minshuku hakuna zamu ya usiku. Anayepika ndiye anayefua mashuka, ndiye anayepasha maji ya kuoga, ndiye atakayeamka alfajiri kukaanga samaki wa kifungua kinywa. Ukichelewa saa mbili, umemnyima mtu huyo saa mbili za usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma kwa namna tofauti, na nilisita kabla ya kuliandika. Miezi michache kabla ya safari ile nilikuwa nimepiga simu mwenyewe katika nyumba nyingine ya wageni, katika mji mwingine wa pwani. Sauti ya upande wa pili iliponisikia lafudhi yangu iliniambia kwamba vyumba vimejaa. Nusu saa baadaye rafiki yangu alipiga kwa tarehe ileile akapewa chumba. Nililia, na sioni haya kulisema. Hadi leo sikubali kwamba mtu anyimwe kitanda kwa lafudhi yake. Lakini usiku ule wa Ine, nikiwa nimelala juu ya godoro la futoni huku nikisikia vyombo vikioshwa chini yangu saa nne usiku, niliwaza juu ya mtu atakayepiga simu baada yangu, Mkenya au Mtanzania au Mkongo, na jinsi mama huyu atakavyokumbuka sahani iliyorudi. Tukiwa wachache ugenini, kila mmoja wetu huwaachia wenzake deni au akiba. Mimi niliacha deni.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilirudi, nyumba ileile. Safari hii nilipiga simu mwenyewe wiki mbili kabla. Nilikuwa nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi: jina langu, basi nitakalopanda, na vitu nisivyokula, nikivitaja kimoja kimoja. Hapa msikilize vizuri ndugu zangu Waislamu: kusema kwamba huli nyama ya nguruwe, yaani butaniku, hakutoshi pwani, ambako huenda usiione kabisa. Taja mirin, taja ryorishu, ambayo ni pombe ya kupikia, na uyataje mapema, siyo ukiwa umeshaketi mezani. Samaki akishapikwa, hawezi kurudi kuwa mbichi. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kwa muda, kisha Okaasan, kama wageni wote wanavyomwita, yaani mama, akasema atatumia chumvi. Nilipanda treni ya asubuhi. Nilifika Ine saa tisa alasiri, saa ambayo nyumba nyingi za namna hiyo huanza kupokea wageni, mwanga ukiwa bado umejaa ghubani.

Chakula cha usiku ule nitakikumbuka muda wote wa maisha yangu. Palikuwa na samaki wa kuchoma kwa chumvi, ngozi yake ikipasuka kwa moto. Palikuwa na chupa ndogo ya sosi ya soya aliyoinunua kwa ajili yangu baada ya kusoma maandishi yake yote ili ahakikishe haina kileo. Na palikuwa na kipande cha heshiko, ambacho ni samaki wa jamii ya vibua aliyetiwa chumvi kisha akazikwa ndani ya pumba za mchele kwa miezi mingi. Okaasan aliniwekea kidogo sana, akiogopa harufu yake ingenishinda. Nilimwambia kwamba kwetu tuna ng'onda. Nilimweleza jinsi samaki anavyopasuliwa, anavyotiwa chumvi na kuanikwa juani, na mumewe, ambaye mara ya kwanza hakunisemesha hata neno moja, aliuliza ni chumvi kiasi gani na ni siku ngapi za jua. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Ninajivunia mazungumzo yale kuliko mtihani wowote niliofaulu nchini humu.

Mengine utayajua ukifika, nami nitayataja kwa haraka. Viatu huvuliwa mlangoni, na kandambili za ndani nazo huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Chooni kuna kandambili za huko huko, zisitoke nje. Mikeka hiyo ni safi, nami nilisali Magharibi juu yake bila wasiwasi wowote. Vazi la yukata utakalolikuta chumbani hukunjwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, kwa sababu kinyume chake ndivyo avalishwavyo maiti, na mzee akikuona umekosea atashtuka kama wewe ungemwona mtu amejifunga sanda. Bafuni unajisugua na kujisuuza nje kwanza, umekaa kwenye kigoda, kisha unaingia katika beseni la maji ya moto ukiwa safi. Usiyatoe maji hayo ukimaliza, maana ni ya wote watakaokufuata. Beba fedha taslimu. Usiache bahashishi, utamsumbua mwenyeji. Na beba mwavuli, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa majira ya kupukutika majani hali ya hewa ya Tango hugeuka mara kadhaa kwa siku, hata wenyeji wana msemo kwamba ukisahau chakula chako, usisahau mwavuli.

Dada yangu, uliuliza pia kama utachoka kwa kukosa la kufanya. Siku ya pili sikufanya lolote lenye jina. Niliamka kabla ya jua nikasikia mashua ya kwanza ikitoka chini ya nyumba ya jirani. Nilitembea kufuata ghuba, ambayo ufuo wake ni kama kilomita tano, nikasalimiana na mzee aliyekuwa akisafisha nyavu. Mchana kijiji kilinyamaza kabisa. Migahawa ni michache, na nilikula biskuti nilizobeba. Alasiri niliketi dirishani nikitazama maji ambayo hayajai wala hayapwi, na niligundua kwamba kwa miaka minne ya masomo sikuwahi kukaa mahali bila kuhesabu nimebakiza nini. Kama hilo unaliita kuchoka, basi nenda ukachoke, ulilipie, na ulilipie mapema. Usighairi siku yenyewe, kwa maana nyumba nyingi zitakutoza malipo kamili, na zina haki, kwa kuwa samaki wako ameshanunuliwa.

Asubuhi ya kuondoka Okaasan alinisindikiza kituoni. Haikuwa inanyesha, lakini alikuwa na mwavuli. Nilijaribu kumwomba radhi kwa Novemba ile, kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi treni nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba samaki niliyemrudisha usiku ule walimla wao asubuhi yake, na alikuwa mtamu.

Juzi nimempigia tena. Nataka kwenda Februari, msimu wa buri, samaki mkubwa ambaye Ine inasifika kwa kumvua wakati wa baridi, naye ananona sana miezi hiyo. Hakuniuliza tena nisichokula. Aliuliza jambo moja tu: nitakuja na basi la saa ngapi.